Weusi Uliokua: Uhakiki wa Picha Ndogo ya Mpakani

Uhakiki wa picha za mnato katika Afrika Mashariki umezoea kuanzia pwani. Huanza Zanzibar, kwenye Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ukaenda Mombasa kwenye studio ya Parekh, ukafika Lamu kwa Omar Said Bakor, fundi aliyeunganisha vipande vya picha hadi akapata mandhari ambayo hayakuwahi kuwa mbele ya kamera. Sifa wanazopewa ni haki yao. Lakini sifa hizo hutegemea sana vitu vilivyomo ndani ya picha: pazia lililochorwa, kiti, ua, mkao wa mikono, nguo ya sikukuu. Vitu hivyo vikiondolewa, mhakiki anabaki na nini cha kusema?

Picha ndogo nyeusi na nyeupe ya pasipoti, ile iliyosafishwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza kabla ya zama za rangi na kompyuta, inatulazimisha kulijibu swali hilo. Ndani yake hamna kitu ila uso, mabega na ukuta mtupu. Hoja yangu ni kwamba utupu huo ndio unaoiweka wazi fani yake. Picha hii ni madini ya fedha yaliyokuzwa kwa mwanga, na ubora wake hupimwa kwa namna ukuaji huo ulivyoongozwa, na zaidi kwa namna ulivyozuiwa.

Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, Tanzania, ndiko nyumbani kwa picha ya namna hii. Ng'ambo ya mpaka iko Nakonde ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapita hapa, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inauvuka mpaka hapa katika safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili. Mstari uliochorwa na wakoloni uliwapitia katikati. Katika mji kama huu, uso ulio kwenye karatasi ni chombo cha kazi. Dereva wa lori, mfanyabiashara wa nafaka, fundi wa reli, wote hawakuwa na budi kusimama mbele ya ukuta na kuhamishiwa kwenye kipande cha karatasi kidogo kuliko kiganja. Nakala zilizobaki ziliishia kwenye albamu na masanduku ya familia, Tunduma kwenyewe, Vwawa, Mlowo na kwingineko. Sihakiki picha ya mtu mmoja. Nahakiki aina nzima, kama mhakiki wa ushairi anavyoweza kuijadili tarbia bila kumfuata mtunzi mmoja.

Ulinganisho huo na ushairi una maana. Picha ya pasipoti ina arudhi yake: tazama mbele, vua kofia, usicheke, nyuma yako pawe patupu, kichwa kijae kiasi kilichowekwa. Mteja hana uhuru wa kuchagua mkao, na mpiga picha hana uhuru wa kusimulia. Katika picha ya studio ya pwani, mtu aliyeshika redio anatuambia anachotaka kuwa. Hapa mikono haionekani kabisa. Masharti yote yanavuta upande mmoja, kufuta kila kilicho cha ziada. Kinachobaki ni tofauti za weusi na weupe juu ya karatasi. Kwa hiyo hatuna pa kuanzia ila kuuliza weusi huo ni nini, na umetoka wapi.

Ni metali. Karatasi ya picha hupakwa jelatini iliyochanganywa na fuwele ndogo mno za chumvi ya fedha, nyingi zikiwa na upana usiofika mikromita moja. Mwanga ukigonga fuwele, unaachia elektroni. Elektroni hizo huvutana na ayoni za fedha, na mahali pamoja ndani ya fuwele panajikusanya atomi chache za fedha halisi. Atomi kama nne hivi zinatosha. R. W. Gurney na N. F. Mott ndio walioeleza hatua hizo mwaka 1938, ingawa mafundi walikuwa wakizitegemea tangu Mwingereza William Henry Fox Talbot alipogundua, mwaka 1840, kwamba karatasi iliyomulikwa kwa muda mfupi hubeba picha isiyoonekana. Karatasi ikitiwa kwenye devolopa, dawa hiyo hukimbilia fuwele zenye atomi zile na kuzigeuza zote kuwa metali, huku ikiziacha zile ambazo mwanga haukuzigusa. Ukuaji huo huongeza kazi ya mwanga kwa takriban mara bilioni moja. Mkulima wa kahawa wa Mbozi, huko huko Songwe, angeielewa hesabu hii upesi: mwanga umetia mbegu kitaluni, dawa ndiyo mvua, na mvua haioteshi mahali pasipo na mbegu.

Fedha tunayoijua, ya pete na bangili, inang'aa. Kwenye picha inaonekana nyeusi kwa sababu devolopa huikuza katika nyuzi nyembamba zilizosokotana, na mwanga ukiingia humo haurudi. Kwa maneno mengine, hakuna wino juu ya karatasi hii. Kila penye weusi pana metali iliyoota papo hapo, na kila penye weupe pana karatasi tupu, kwani chumvi iliyobaki bila kugeuka iliyeyushwa na kuoshwa na fiksa.

Hapa usomaji wetu unapaswa kugeuka. Tumezoea kuusema mwanga kama neema na weusi kama upungufu. Mtu akitazama picha ya zamani ya babu yake na kuona uso umekoza, husema picha haina mwanga. Fuatilia njia yenyewe uone. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo kwenye lenzi kuliko shati jeupe. Kwenye filamu, sehemu ya uso inaota fedha kidogo na kubaki karibu wazi, ilhali shati linaota fedha nyingi na kuwa zito. Kisha filamu inawekwa juu ya karatasi na kumulikwa. Mahali pa uso, palipokuwa wazi, mwanga unapita kwa wingi; mahali pa shati, palipokuwa pazito, mwanga unazuiwa. Mwishowe uso ndio uliopokea mwanga mwingi kwenye karatasi, na uso ndio uliobeba fedha nyingi. Shati jeupe na ukuta mweupe ni karatasi iliyoachwa karibu bila kitu.

Basi uso mweusi katika picha hii, pamoja na nywele zinazouzunguka, ndiyo sehemu yenye utajiri mkubwa kuliko zote, kwa maana ya kimaumbile kabisa: ungeweza kuipima metali yake kwa mizani ya maabara. Masharti ya pasipoti yalitaka ukuta uwe mtupu ili uso utambulike, na kwa kutii sharti hilo fundi alijikuta ameikusanya karibu metali yote ya picha juu ya mtu. Hakuna pazia la kugawana nalo wala kiti cha kulipokonya jicho. Picha za studio zenye mapambo mengi huitawanya fedha kila mahali. Picha hii inampa mmoja.

Lakini wingi peke yake si ubora, na hapa ndipo fundi mzuri anapoachana na fundi wa haraka. Fedha ikikua bila kizuizi, chembe hujazana hadi hakuna nafasi kati yake. Shavu, kivuli cha pua na mstari wa taya vinaungana kuwa doa moja. Uso kama huo haukukosa kitu; umejaa kupita kiasi, na katika kujaa huko umepoteza tofauti zake. Kosa hili lina historia, kwa kuwa viwango vya kiwanda vya mwanga na muda vilipangwa zaidi kwa nyuso nyeupe, na fundi aliyevifuata bila kufikiri aliuzamisha uso wa mteja wake. Anayeitazama picha hiyo leo na kuulaumu weusi wa ngozi anamlaumu asiyehusika. Aliyekosea ni yule ambaye hakuzuia.

Kuzuia kulikuwa na mbinu zake, na mbinu hizo zinasomeka kwenye picha. Ya kwanza ilifanyika kabla ya kubonyeza kamera: kumgeuza mteja kuelekea dirishani, au kumtoa nje kivulini, ili mwanga laini utambae juu ya paji la uso na mashavu na kurudi kwenye lenzi. Mng'ao mwembamba unaoonekana juu ya mfupa wa shavu katika picha zilizofaulu umetokana na uamuzi huo. Ya pili ilifanyika chumba cha giza. Karatasi ikiwa inamulikwa, fundi aliweza kupitisha kiganja au kipande cha kadi kati ya taa na karatasi, akauwekea uso kivuli kwa sekunde chache na kuuacha ukuta na shati vipate mwanga kamili. Mkono ulipaswa kutikisika kidogo kila mara, la sivyo ukingo wa kivuli ungebaki kama duara la weupe kuzunguka kichwa. Ukikuta picha ya zamani ambayo hewa iliyo karibu na sikio ni nyeupe kuliko ukuta mwingine, umeuona mkono wa fundi. Ya tatu ilikuwa muda. Chini ya taa nyekundu, ambayo karatasi ile haiihisi, fundi aliutazama uso ukijitokeza ndani ya dawa na kuamua sasa inatosha. Aliitoa karatasi, akaitia kwenye maji yenye asidi kidogo ili dawa ife, kisha kwenye fiksa.

Uamuzi huo wa "sasa inatosha" naupa uzito mkubwa kuliko kubonyeza kamera. Katika uhakiki wa picha tumeurithi mtindo wa kusifu jicho la mpiga picha na dakika aliyoikamata. Katika picha ya pasipoti dakika haina thamani. Mtu amesimama tu, na angeweza kusimama vilevile dakika tano baadaye. Sanaa imehamia kwenye muda mwingine, ule wa metali kukua mbele ya macho ya mtu anayejua pa kuisimamisha. Macho ndiyo kipimo. Katika uso uliosimamishwa mapema mno, weupe wa jicho na ngozi ya kope vinakaribiana na uso unakuwa kijivu kisicho na mwili. Ukichelewa, kope inameza jicho. Katikati pana nafasi finyu ambapo mboni, kope na kivuli cha nyusi vinasimama kama weusi watatu tofauti. Picha iliyopata weusi hao watatu imefaulu, hata kama ukuta wake una ufa na kola ya shati imekaa upande.

Sayansi ya karne hii imeirudia kazi hiyo kwa vyombo vingine, na imekuta jambo lile lile. Mwaka 2001 kundi la Chad Mirkin katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilitangaza katika jarida la Science kwamba chembe za fedha zenye umbo la mviringo, zenye upana wa nanomita chache zikielea majini, hugeuka kuwa vibapa vya pembetatu zikimulikwa kwa taa ya kawaida ya tyubu kwa saa nyingi. Maji ya manjano yanakuwa kijani, kisha buluu. Mwaka 2003, katika Nature, kundi hilo lilionyesha namna ya kuongoza ukuaji huo kwa rangi ya mwanga. Elektroni za chembe ndogo ya metali huyumba pamoja zikikutana na mwanga unaolingana na ukubwa na umbo lake, na kuyumba huko, kuitwako plasmoni, kunachochea ukuaji. Kwa mwanga wa nanomita 550 peke yake walipata pembetatu za saizi mbili: ndogo zenye upande wa nanomita 70 hivi, na kubwa za 150 hivi zilizotokana na nne ndogo kuungana. Walipoongeza mwanga wa pili, wa nanomita 450, muungano ulikoma na zikabaki zile ndogo pekee.

Mwanga wa pili haukuja kukuza. Ulikuja kuzuia chembe zisimezane. Hilo ndilo lililokuwa likifanywa na kiganja cha fundi chini ya taa, ingawa kwa kipimo kikubwa zaidi na bila hesabu za plasmoni. Hata taa nyekundu ni ndugu wa mwanga huo: wote wawili wanatuonyesha kwamba rangi ya mwanga inaamua kama fedha ikue, isikue, au ikue hadi wapi. Simaanishi kwamba fundi wa studio alikuwa mwanasayansi wa nano bila kujijua. Namaanisha kwamba kanuni ya fani ni moja. Umbo linapatikana pale nguvu ya kukuza inapokutana na nguvu ya kuzuia, na mhakiki anayehesabu ya kwanza tu amesoma nusu.

Mkoa wa Songwe wenyewe unatupa kipimo cha upande wa pili, cha metali iliyokua bila mwanga. Katika kilima cha Marengi, kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kuna kimondo ambacho wenyeji walikijua kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukitangaza nje mwaka 1930. Kina urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, na karibu asilimia 90 yake ni chuma, sehemu kubwa ya kilichobaki ikiwa nikeli. Vimondo vya chuma vinavyokatwa, kung'arishwa na kupakwa asidi huonyesha, katika aina zake nyingi, milia ya fuwele iliyopishana. Fuwele hizo zilikua ndani ya giza la sayari ndogo iliyopoa polepole mno, kwa mamilioni ya miaka. Milia yake ni mizuri, nayo inafanana kila uendapo ndani ya kipande, kwa sababu joto lilipungua kila mahali kwa pamoja. Joto halina anwani. Mwanga unayo: unaangukia hapa na kuruka pale, unafika shavuni kwa wingi na chini ya kidevu kwa uchache, na metali inaota kwa kufuata tofauti hizo. Ndiyo maana chuma cha Ndolezi kinaweza kutupa historia ya kupoa, na fedha ya picha ya Tunduma inaweza kutupa sura ya mtu.

Ukuaji wa picha hauishii kwenye fiksa, na hilo pia ni la kuhakikiwa. Inamisha picha ya zamani pembeni ya dirisha. Mara nyingi, kwenye sehemu nyeusi zilizo karibu na kingo, utaona mng'ao wa kibuluu kama wa kioo. Hewa na unyevu vimeila fedha kidogo kidogo, ayoni zake zimesafiri hadi juu ya jelatini, na huko zimerudi kuwa metali katika chembe ndogo mno. Mng'ao huo unapendelea pale penye weusi mwingi, kwa hiyo nywele na kivuli cha shingo ndivyo vinavyong'aa kwanza. Madoa ya manjano kwenye weupe yana habari nyingine: picha haikuoshwa vya kutosha na fiksa imebaki ndani ya karatasi. Mhakiki asiyejua haya atayaita yote uchakavu. Anayejua atasoma haraka ya siku ile, uhaba wa maji, na miaka ambayo karatasi imekaa mahali penye unyevu.

Picha zilizofuata zimeiacha fani hii. Katika karatasi ya rangi, fedha hufanya kazi ya kwanza kisha huondolewa kwa dawa, na kinachobaki ni rangi tu. Kwenye kamera za dijiti mwanga huhesabiwa, hakuna kinachoota. Pasipoti ya kielektroniki iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2018 inabeba sura kama taarifa ndani ya chipu. Mpakani picha hizo zinafanya kazi haraka na kwa usahihi, na sioni sababu ya kuzililia zama zilizopita. Ila ni kosa kuzisoma za zamani kana kwamba ni za sasa zilizofifia. Mtu anayeipiga picha ya babu kwa simu, akaikoleza mwanga hadi uso uwe wa kahawia laini, kisha akaitupa ile ya karatasi, amehifadhi mistari ya uso na kuitupa fani yote: unene wa weusi, kivuli cha mkono wa fundi, mng'ao wa kingo.

Kuna pingamizi zito. Picha ya pasipoti iliagizwa na serikali ili kumtambua mtu na kumzuia, hata kumtenganisha na ndugu zake wa Nakonde. Kuipamba kwa maneno ya sanaa ni kuusahau muhuri uliopigwa juu yake. Nalikubali pingamizi hilo kwa upande wa maudhui. Kilichotakiwa na ofisi kilikuwa utambulisho, na utambulisho ungetosheka hata kwa uso wa kijivu au uso uliozama nusu. Fundi aliyeuwekea uso kivuli, akangoja, akasimamisha dawa pale weusi watatu wa jicho walipoachana, alitoa zaidi ya kilichoagizwa. Ziada hiyo haikulipiwa wala haikudaiwa na mtu. Hiyo ndiyo inayostahili jina la sanaa, na inaonekana vizuri zaidi kwa kuwa sharti lilikuwa gumu.

Kwa hiyo natoa hukumu bila kusita. Picha ndogo za mpakani zinastahili kusomwa kwa uzito ule ule tunaowapa Oza, Parekh na Bakor, kwa vipimo vinavyotokana na mwili wa picha zenyewe: fedha imewekwa juu ya nani, imezuiwa wapi, macho yamesimamishwa lini, na tangu hapo imeendelea kufanya nini. Makumbusho na vyuo vyetu vinapokusanya albamu za Songwe, vikusanye karatasi zenyewe pamoja na nakala za kompyuta. Na mwanafunzi wa uhakiki anayefundishwa kutofautisha mizani na vina afundishwe pia kutofautisha uso uliokosa mwanga na uso uliokuzwa kwa ukamilifu wake, kwa sababu kwa miaka mingi tumeitana giza tulipokuwa tumejaa metali.